Mae Anataka Nile Mbele Yake

Jumatano, Buhembe. Mvua ilianza kabla hatujaamka, ikapumzika mchana, na sasa inapiga bati kiasi kwamba humu ndani hatusikilizani. Ni afadhali.

Mnaokuja hapa kutazama picha za vitambaa ninavyodarizi, leo sina picha. Na mnaosubiri niandike nimekula wapi likizo hii, nimekula sana. Nimekula kuliko likizo zote nilizowahi kuja nyumbani.

Mae, mama yetu, ana saratani ya koo.

Nimeiandika. Tangu nifike nimekuwa nikiizunguka tu.

Nilipokuwa bado Mtwara, ninakofundisha, dada Jeneta alinipigia akasema Mae hali vizuri. Nilidhani ni meno. Nikapakia kitambaa cha pamba, fremu na nyuzi zangu, nikapanda basi nikidarizi njia nzima. Nilimkuta hapa kwa dada, ametolewa kijijini kwake Kishanda ili awe karibu na hospitali. Amebaki mifupa na kitenge. Uji unapita kwa shida, na siku nyingine hata maji yanarudi.

Jambo lililonitisha zaidi halikuwa mwili wake. Ilipofika saa ya chakula, dada alinivuta mkono hadi jikoni, akarudisha mlango, akanipa sahani. Shemeji alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, anatafuna kimya kimya. Hawataki Mae aone. Hawataki hata asikie vijiko.

Mae akasema kwa sauti kutoka sebuleni, "Mnakula kama wezi ndani ya nyumba yenu."

Ndiyo maana nikaanza kumpeleka migahawani. Mwenyewe aliomba. Mara ya kwanza ilikuwa Muleba mjini, tukitoka kuitazama nyumba yake Kishanda. Tuliagiza ndizi na maharage, akanitazama nikila mpaka mwisho, akaniuliza kama zimeiva vizuri. Tangu hapo tumekula nyama ya mbuzi, pilau kwa mama mmoja wa Kiislamu karibu na soko, chapati na supu asubuhi. Ninasema tumekula. Ninayekula ni mimi. Yeye anashika kikombe cha maziwa na kukaa pamoja na watu wanaokula. Hicho ndicho anachokitaka.

Nikirudi nyumbani wakati mwingine natapika. Sijamwambia mtu.

Leo tulikwenda kuchukua majibu ya vipimo. Tulikaa muda mrefu kwenye benchi la hospitali, nami nikatoa kazi yangu. Ni foronya, tawi la mbuni, mti wa kahawa, lenye matunda mekundu. Mae akaishika pindo.

"Ya nani hii?"

"Yako, Mae. Ziko mbili."

Akaitazama kwa makini. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika sindano.

"Moja inatosha," akasema. "Maliza hiyo. Utanilazia kichwa."

Nilielewa. Alijua nimeelewa. Mama aliyekaa jirani yetu naye alielewa, kwa sababu aligeuza uso upande wa pili.

Daktari ni kijana mpole, hakuzungusha maneno. Njia ya chakula imeziba karibu yote. Kilichobaki ni kwenda Mwanza, wampasue kidogo tumboni, wamwekee mpira wa kumlishia. Hautamponya. Utamwongezea nguvu kwa muda. Mae alimshukuru kwa heshima zote, akaniambia tukale samaki.

Tulikaa kwenye hoteli moja ufukweni, chini ya paa, ziwa likiwa limefunikwa na ukungu. Mhudumu alileta sato wa kukaanga, ndizi na mchuzi, akamwekea Mae sahani mbele yake kwa sababu ndiye mkubwa. Mae hakumkosoa. Aliinama, akavuta harufu kwa pumzi ndefu, kisha akainusa tena. Halafu akachovya ncha ya kijiko kwenye mchuzi, akaiweka kwenye ulimi, akafumba macho. Alikaa hivyo. Kisha akatema kwenye leso na kuikunja.

"Chumvi imezidi kidogo. Lakini anajua kupika."

Akanisogezea sahani.

"Siendi Mwanza, Koku."

Nikamwambia huo mpira si kitu kibaya, watu wanaishi nao.

"Nilishwe tumboni kama gari linawekwa mafuta? Nikae naangalia bati la hospitali, nanyi mnagawana zamu? Nipelekeni Kishanda. Nataka kulala kwangu. Kula, waitu, mwanangu, samaki anapoa."

Nilikula. Kila nilipomeza niliona koo lake likisogea pamoja na langu. Nilimaliza samaki wote, nikasafisha miiba, kwa sababu alikuwa anatazama, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo sijaiona tangu nije.

Nyumbani, dada Jeneta alitusubiri mlangoni. Mae alipokwenda kulala nilimweleza.

"Na wewe ukamkubalia?"

"Sijamkubalia. Nimemsikiliza."

"Umemsikiliza!" Alikuwa ameshika ndoo, akaiweka chini kwa nguvu. "Unamtembeza mahotelini, unakula mbele ya mgonjwa, halafu utapanda basi urudi Mtwara. Mimi ndiye nitakayebaki kumtazama akifa na njaa. Akifa na njaa, Koku, kwenye nchi ya ndizi!"

Kila alichosema ni kweli. Na kuna jingine ambalo halijui: juzi, nikimsaidia Mae kujisafisha, nilijikuta nafikiria likizo inaisha lini, na moyo ukawa mwepesi. Mimi, mtoto wake.

Nilikaa kitandani kwangu nikamalizia foronya haraka haraka, kama mtu anayetaka kuondokana na kazi. Kabla ya chakula cha jioni Mae aliamka, akaja kwenye kiti chake kirefu sebuleni, akaiomba. Aliuvisha mto mwenyewe, akalaza kichwa, akageuka upande. Akainuka.

"Umefunga mafundo nyuma. Yananichoma sikio."

Ni kweli, nilifunga mafundo. Kwa haraka. Yeye alinifundisha uzi unafichwa chini ya mishono, haufungwi fundo. Nilitaka kumwambia, Mae, siku hiyo hutasikia. Badala yake nilichukua mkasi mdogo nikaketi miguuni pake, nikafumua tunda moja moja na kulirudia. Alinishikia uzi.

Tukiwa hapo dada aliingia sebuleni na sufuria. Aliiweka juu ya meza, mezani kabisa, karibu na kiti cha Mae. Akamwita mumewe. Akapakua. Shemeji alisimama na sahani mkononi, hajui akae wapi, mpaka Mae alipomwonyesha kiti. Dada alikula akilia, machozi yanaingia kwenye ndizi, hajifuti. Hakuniangalia hata mara moja.

"Polepole, mwanangu," Mae akamwambia. "Hakuna anayekufukuza."

Dada alimaliza, akaosha vyombo, akapitiliza kulala bila kuniaga. Sijui kama amekubali au amechoka. Labda kwa sasa ni kitu kimoja. Lakini naona begi la Mae liko mlangoni limefungwa, na si mimi niliyelifunga.

Kesho tunampeleka Kishanda.

Nitakaa naye. Hilo nimeliamua nikiandika hapa, kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Asubuhi nitampigia mkuu wa shule niombe ruhusa zaidi. Ni mtu mzuri, hatanikatalia. Ila lazima ataniuliza swali moja, kwa sababu ana ratiba ya kupanga na madarasa yangu yanasubiri.

Ataniuliza, "Mwalimu, unaomba siku ngapi?"

Nami nitatakiwa kutaja idadi.