Ujumbe Ambao Sikuufungua

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ujumbe wako wa simu siufungui tena. Huku tunaendelea. Bomba la jikoni limetengenezwa, na paka wa jirani amezalia kwenye kapu langu la nguo, hafukuziki.

Kazini wamenihamishia stoo. Miaka sita nimeifundisha kompyuta kutofautisha, kwenye picha za rada, kifaru cha vita cha kweli na cha mbao cha kumhadaa adui. Kisha ninyi wa usalama wa mitandao mkaja kupima kama tunadukulika. Barua pepe ilianza "Dada Kijiko", jina ulilonipa nilipokuwa nakulisha, ambalo hakuna mwingine anayelijua. "Mama ameanguka bafuni. Fungua picha." Nikafungua; mama alikuwa mzima, picha ndiyo ilikuwa mtego wenu. Ripoti yenu ikasema kitengo chetu kina ufa mmoja, nao ni mimi. Nilipokuuliza ukajibu, "Kazi ni kazi, dada." Ukapandishwa cheo, ukahamia makao makuu. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne uliniandikia tena kwamba mama ameanguka. Nilisoma mstari wa kwanza tu bila kuufungua, nikacheka peke yangu. Simu zako nikazikata. Jioni nilipopita kwake nilimkuta sakafuni, nyonga imevunjika. Alikaa hapo tangu asubuhi, kwa sababu ulimwambia kwa simu, "Tulia mama, dada yuko njiani."

Kila siku ananiuliza nilichelewa wapi. Njoo umjibu wewe.

Dada yako. Jina lile usiliandike tena.