Bolti ya Tano

Wangari mjukuu wangu,

Huku Nyeri baridi imezidi, lakini tuko salama. Bibi yako, Cucu, anakusalimu, na ng'ombe amezaa.

Umeniuliza woga huisha lini, maana umepewa gari la mbio ubadilishe difu ya nyuma iliyolika, ile gia inayozungusha magurudumu.

Nilipokuwa fundi kijana kule Kangema nilibadilisha difu kama hiyo. Desturi ya gereji yetu ilikuwa kwamba aliyefunga ndiye hupanda gari likijaribiwa. Nikaketi kando ya dereva, tukashuka kwa kasi kona za mashamba ya chai, barabara ikiwa na maji. Ndipo nikajiuliza kama bolti ya mwisho niliikaza. Sikukumbuka. Niliona aibu kusema, kona mbili zikapita. Kabla ya ile ya tatu nikamwambia, "Simama, tafadhali."

Nililala chini ya gari. Bolti nne zilikuwa zimekazwa sawasawa. Ya tano ilizunguka kwa vidole tu; sikuwa nimeikaza.

Dereva hakunigombeza. Alinipa spana, akasema, "Kaza hiyo, halafu rudia zote." Kisha yeye mwenyewe akazigusa moja moja.

Woga wangu haujaisha hadi leo, Wangari. Fanya kazi ukiwa nao. Siku utakayoniandikia kwamba wako umeisha, hapo ndipo nitakapokuogopea.

Guka wako