Bø, Bo na Boe

Shambani Bø, Valdres
Jumatano, mwezi wa Machi

Kaka yangu mpendwa Oddgeir,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu ya kuishika, na kama nguvu hazipo, basi Selvi akushikie. Watu wakiandikiana huulizana hali, lakini yako naijua, maana wifi yangu Selvi alinieleza kwa simu juzi, pamoja na yale waliyosema madaktari. Kwa hiyo sitakuuliza. Nakuombea tu upate usiku mmoja bila maumivu, halafu mwingine. Hali yetu sisi nitakueleza, ila univumilie nianzie mbali kidogo, kwa sababu kuna jambo nililokudanganya.

Anayekuletea barua hii ni Ilango, yule binamu yake Selvi anayefanya kazi Gjøvik. Anarudi huko kwenu India Ijumaa kwa likizo, na amekuja kwa basi mpaka hapa kuichukua. Amesema kama macho yako yamechoka atakusomea mwenyewe. Kinorwe chake kimenyooka kuliko changu, kwa hiyo usijali.

Theluji bado imefika kwenye madirisha ya chini. Zizi limebaki tupu tangu Baba auze ng'ombe wa mwisho, lakini kila asubuhi anakwenda kulifungua, anasimama mlangoni, kisha anarudi kunywa kahawa. Niseme alikuwa anakwenda. Gudbrand jirani bado yupo, bado anasema bei ya kila kitu imepanda na bado hajanunua kitu.

Siku Selvi alipopiga simu mara ya kwanza, nilimwambia Baba mezani kwamba unaumwa na kwamba ugonjwa wenyewe si wa kupona. Unajua jina lako lilikuwa halitajwi kwenye meza ile. Tangu ile kadi ya Krismasi uliyotia sahihi Oddgeir Boe badala ya Bø, naye akairudisha posta baada ya kuandika juu yake kwamba mtu wa jina hilo hajulikani hapa, mimi nilizoea kukutaja nikiwa nje tu, au nikiwa na Gudbrand. Basi siku ile Baba aliweka chini kisu cha jibini, akatafuna mpaka akamaliza, akaniuliza basi la uwanja wa ndege linapita saa ngapi. Hakuuliza kitu kingine. Mimi nililia, yeye akaniambia nikalie jikoni kwa sababu anafikiri.

Alitaka kuondoka kesho yake. Baba huyu safari zake zilikuwa Uswidi kununua nyama ya nguruwe, ambako haulizwi hata jina, na mara moja Visiwa vya Kanari, ambako aliungua masikio. Kwake yeye pasi ile nyekundu ya kusafiria ilikuwa sawa na ufunguo wa nyumba. Unautoa mfukoni, unafungua, unaingia. Nilipomwambia India inataka tuombe ruhusa kwanza, tena kwenye kompyuta, na tusubiri jibu, aliona ni mzaha. Akauliza kama nimewaeleza kwamba sisi ni Wanorwe. Nikamwambia wanajua, ndiyo maana wanatuuliza. Akasema hatujawahi kugombana na watu wale hata siku moja, sasa wanatuogopea nini.

Tukakaa kwenye kompyuta. Yangu nilijaza haraka. Wewe unaijua shida yenyewe kuliko mimi: ukurasa ule haupokei ø yetu wala å yetu, unataka jina kama lilivyo chini kabisa ya pasi, kwenye ule msururu wa herufi usiosomwa na mtu ila mashine. Na huko chini sisi sote ni Boe. Mimi ni Aashild Boe. Niliandika hivyo wala moyo haukuniuma.

Ilipofika zamu ya Baba, nilimwonyesha kwa kidole pale chini: B, O, E. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma. Akasema Boe ni mlio wa ng'ombe mgonjwa. Nikamwambia Baba, mashine ndiyo inataka hivyo. Akasema mashine haikuzaliwa shambani hapa. Akasema kama hawana ø basi wachukue o, maana o ni ø isiyo na mstari, hilo anaweza kulielewa, watu wengine ni maskini wa herufi; lakini hiyo e imetoka wapi? Nani aliipanda? Nilijua hasemi na mimi. Alikuwa anasema na wewe, na ile kadi. Nikamwambia, kwa upole nilioweza, kwamba kwa siku moja tu akubali kuitwa kama mwanawe anavyoitwa. Akaniambia niende nikachemshe kahawa.

Niliporudi alikuwa ameshatuma. Akaniambia amejaza inavyotakiwa, tena uso wake ulikuwa mkunjufu. Ruhusa zote mbili zilipokuja nilizichapisha maktaba, nikazikunja pamoja, nikazitia kwenye bahasha moja na tiketi. Sikuisoma ya kwake. Nilikuwa na furaha, Oddgeir, na mwenye furaha hasomi kitu mpaka mwisho.

Kwa hiyo Baba akafungasha. Alivaa suti ya mazishi ya Mama kwa kuwa hana nyingine. Alitia kwenye sanduku ndoo ndogo ya samaki wa kuchachusha, wale uliokuwa unawala mpaka Mama anakufukuza mezani, akaizungushia mifuko ya plastiki na chupi zake zote za sufi. Nikamwambia wakilifungua sanduku hilo India, watatangaza vita. Akasema mtu akiumwa anahitaji chakula chake. Njia nzima kwenye basi alikuwa ameshika kifurushi cha mkate magotini bila kukifungua, na tulipofika Dokka aliniuliza kama utamtambua.

Sasa ndipo nilipokudanganya. Nilikupigia simu kutoka uwanjani nikakuambia theluji imefunga njia za ndege na tutakuja ikipungua. Hakukuwa na theluji. Kulikuwa na jua, ndege zilikuwa zinapaa moja baada ya nyingine, na sisi tulikuwa tumekaa kwenye benchi karibu na vyoo.

Mwanamke wa kaunta ya mizigo alikuwa mtu wa Bergen, mwenye adabu. Alichukua pasi ya Baba, akachukua karatasi ya ruhusa, akapeleka kidole huku na huku, akauliza yeye ni nani. Baba akasema ni Embrik Bø. Yule mama akasema pasi kule chini inasema Boe, na tiketi niliyonunua mimi inasema Boe, lakini India imempa ruhusa mtu anayeitwa Embrik Bo, sasa huyo Bo yuko wapi? Baba akasema hao wawili hawajui, yeye ni Bø, na Valdres nzima inamjua. Yule mama hakucheka. Akapiga simu mahali, akasubiri, akapiga tena, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba akimpandisha ndege na karatasi ile watamrudisha kabla hajatoka uwanjani, na kwamba ruhusa haisahihishwi pale, inaombwa upya. Kosa halikuwa lake. Baba alirudisha pasi mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko, akabaki ameshika kifungo.

Karatasi yangu mimi haikuwa na kosa.

Nimeiacha sentensi hiyo peke yake kwa sababu nimeshindwa kuitafutia wenzake. Yule mama aliniambia mimi naweza kupita, mlango bado uko wazi, ila niamue. Baba naye akasema, "Nenda, Åshild, mmoja wetu afike." Alisema vizuri tu, kama anayenituma dukani. Nikachukua mkoba. Nikatembea mpaka kwenye ukaguzi, nikageuka kumpungia mkono. Alikuwa amekaa kwenye lile benchi na suti yake, sanduku katikati ya miguu, na alikuwa hanitazami. Nikarudi kumuuliza kama anakumbuka basi la kurudi. Akanishika mkono wa koti, Baba yule, ambaye hata Mama alipokufa hakumshika mtu, akasema, "Usiniache hapa."

Basi sikumwacha. Nilikuacha wewe. Ndege ikaondoka na kiti changu kitupu, na ningeweza kuwa hapo kitandani kwako siku zile ulizokuwa bado unaongea vizuri. Sikuombi uniambie kwamba nilifanya sawa. Kila nikiamka najijibu tofauti, na majibu yote mawili yananiuma.

Tuliporudi nilimjazia upya. Safari hii hakubisha. Alikaa ameelekea dirishani, na nilipobonyeza ile e niliibonyeza polepole ili asisikie, kana kwamba herufi zina milio. Ruhusa ikaja asubuhi moja, sahihi kabisa, jina kama la pasi. Nikaenda mbio kumwonyesha. Alikuwa kwenye banda la kuni, ameanguka juu ya magogo ya ile miti yetu yenye magome meupe, na mdomo wake ulikuwa umekwenda upande.

Ni kiharusi, Oddgeir. Mkono wa kulia hauna kazi, mguu vilevile. Walimpeleka Lillehammer, wakamrudisha hapa Fagernes, na sasa yuko nyumbani, muuguzi wa wilaya anakuja asubuhi na jioni. Daktari amesema kupanda ndege asahau, si mwezi huu wala mwingine. Maneno yamempotea yote isipokuwa "ndiyo", nalo analitumia hata akimaanisha hapana. Ruhusa yake iko kwenye droo ya jikoni, bado nzima, na mwenyewe hawezi kufika bandani. Yangu imeisha muda. Ningeomba nyingine, lakini Selvi ameshaniambia madaktari wameacha dawa, na nikitoka tu kwenda dukani Baba anaanza "ndiyo, ndiyo, ndiyo" mpaka nirudi.

Kwa hiyo hatuji. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu. Usiwe unatazama mlango.

Nilimweleza Ilango mkasa huu wote jana. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaomba radhi, kisha akacheka tena. Alisema alipokuja Norwe alipeleka vyeti vya skuli, vya benki, vya ndoa ya wazazi wake, akasubiri miezi, na kwa kuwa kwao ana jina moja tu, kwenye kadi ya huku wakamwandika Ilango Ilango. Akaniambia, "Karibu kwenye foleni, dada." Sikukasirika. Kesho kutwa atashuka kwao na pasi yake, hakuna atakayemuuliza kitu, na atakuwa mbele yako jioni yake. Nimemtazama kwa wivu mpaka nikaona haya. Wale samaki amekataa kuwabeba. Amesema anampenda sana shemeji yake, lakini si kiasi hicho.

Sasa la mwisho. Jana usiku, hapana, jana mchana, nilikuwa nimekaa kitandani kwa Baba na bahasha mapajani. Nilimwambia nakuandikia. Nikamuuliza kama niandike juu yake Oddgeir Bø. Akasema "ndiyo", huku anatikisa kichwa. Nikauliza kama nisiandike jina kabisa. "Ndiyo," na kichwa kile kile. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto akitaka kalamu. Nikamwekea bahasha juu ya ubao wa kukatia mkate. Jina lako la kwanza lilimchukua muda mrefu, akapumzika, jasho likamtoka. Akaandika B. Akaandika o. Nikangoja apitishe ule mstari wake, maana namjua. Akashusha kalamu pembeni ya ile o, akaandika e.

Nilidhani mkono umemponyoka. Nikamuuliza, "Baba, ulitaka hivyo?" Akasema "ndiyo". Safari hii kichwa hakikutikisika.

Kwa hiyo, Ilango, kama unasoma wewe, ukifika hapa uache kwanza, umwonyeshe bahasha. Mpe aishike. Ule mwandiko uliopinda si wangu.

Msalimie sana Selvi, umwambie namshukuru kwa mikono yake iliyo karibu nawe. Gudbrand anakusalimu. Baba anakusalimu, salamu yake iko nje ya barua, umeshaiona. Lala salama, kaka yangu. Nakupenda, na hilo tusingetakiwa kuliombea ruhusa.

Ni mimi mdogo wako,

Åshild Boe