Kasa wa Uchaguzi

Porirua, 2 Oktoba

Mama yangu mpenzi,

Salamu kutoka Nyuzilandi. Sisi wazima, ila mjukuu wako Hina ana mafua. Huku asipokuwa na mafua ndipo tunashtuka. Magoti yako yanasemaje?

Chumba chako kiko tayari. Nimekipaka rangi na kuweka hita. Panda meli ya Novemba hadi Apia, nitakupokea hapo tuje huku kwa ndege. Tangu baba afariki uko peke yako, nami silali vizuri. Njoo ukae nasi moja kwa moja. Na usiniletee habari za nguruwe wako, watapata wa kuwalisha.

Mwanao,
Lepaio

Fakaofo, Tokelau, 9 Novemba

Mwanangu Lepaio,

Barua nimeipata. Nimelia kidogo, kisha nikaenda kulisha hao hao nguruwe. Magoti hayajambo, yanalalamika tu kanisani.

Meli imeondoka bila mimi. Usikasirike. Akina mama wamenisimamisha nigombee upulenuku mwezi wa Januari. Ndiyo, mama yako awe mkuu wa kijiji, apange siku za kazi, maji na mgawo wa samaki. Mpinzani wangu ni Mose, mtu mzuri, ila akianza hotuba watu wanapata usingizi. Wakubwa wa serikali ya huko kwenu Wellington, wanaotutawala, kila wakija wanatuuliza kama tuko tayari kujitawala, na tangi la kijiji linavuja nyuma ya migongo yao. Mimi nataka nianze na tangi.

Nikishindwa, nakuja kwako na meli itakayofuata. Nikishinda, hita mpe Hina.

Mama yako,
Seluka

Porirua, 6 Desemba

Mama, mheshimiwa mgombea, shikamoo.

Tu wazima. Nilinuna kutwa nzima hadi mke wangu Penina akaniuliza nimefiwa na nani. Siombi ushindwe, lakini siombi ushinde pia. Mungu atajua la kufanya. Unakumbuka kiti hicho hicho cha upulenuku kilivyomchosha baba? Kila aliyekosa maji aligonga mlango wetu. Na ukishinda ni miaka mitatu, mama! Hina ataanza shule hajakujua.

Jihadhari na baba mdogo Falani. Akianza kukusaidia, umekwisha.

Mwanao,
Lepaio

Fakaofo, 14 Januari

Mwanangu,

Natumaini mafua yamepona. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haiko sawa.

Ulinionya, sikusikia. Falani alivua kasa mkubwa. Badala ya kumleta ufukweni agawiwe kijiji kizima kama ilivyo siku zote, alimpika uani kwake akawaita watu aliodhani hawajaamua. Mimi akaniletea bakuli. Nikala, nikidhani ni mgawo ulionipita nikiwa kanisani. Nilipomaliza ndipo nikauliza mgawo ulikuwa saa ngapi. Akacheka.

"Shemeji, wewe kula tu. Huyu kasa ni kura."

"Kasa ni wa kijiji, Falani!"

"Kijiji kitakula ukishashinda."

Asubuhi nikasimama mbele ya baraza la wazee nikasema yote, na bakuli langu nikalitaja. Tumetozwa nguruwe wawili, mmoja wake, mmoja wangu, wagawiwe watu wote. Falani haniongeleshi. Waliokula naye wamenuna kwa kuwa nimewaumbua. Hata akina mama wanasema ningengoja kura zipite kwanza.

Uchaguzi ni wiki ijayo, nami najiona nimeshindwa. Sijutii, lakini naumia, maana tangi lile nililitaka kweli. Tandika kitanda.

Mama yako,
Seluka

Porirua, 20 Februari

Mama,

Salamu za heshima. Habari zilifika huku kabla ya barua yako. Tulikuwa tunacheza karata kwenye ukumbi wetu wa Watokelau, mzee mmoja akaingia akipiga kelele: "Yule mama aliyejishtaki kwa kasa ameshinda! Wamesema aliyeona haya kwa bakuli moja hatatudhulumu mgawo."

Watu wakacheka hadi karata zikamwagika. Mmoja akauliza, "Kwani ni mama wa nani?" Nikasimama. Nilisimama tu kama mjinga, machozi yananitoka, wakanipigia makofi. Nimejivuna, mama, sikufichi.

Usiku Penina akaniambia, "Yeye hawezi kuja. Wewe unangoja nini? Si fundi bomba wewe?" Nimeacha kazi. Tunakuja na meli ya Aprili, watatu, kukaa. Tangi niachie mimi.

Mwambie mgawaji atuhesabu mapema. Hina anataka kasa.

Mwanao,
Lepaio

Fakaofo, 18 Machi

Kwa fundi Lepaio,

Hujambo? Sisi hatujambo, na magoti yamepona ghafla tangu nisome barua yako.

Ombi lako la mgawo nimelipeleka barazani. Wazee wamecheka. Jibu ni hapana. Wanaohesabiwa ni walio kisiwani, si walio njiani. Hata mtoto akizaliwa asubuhi, jioni ana fungu lake, lakini lazima awe amezaliwa. Falani, ambaye sasa tunaongea, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Sheria ni sheria, shemeji." Mimi nimeshapoteza nguruwe mmoja kwa jambo hili. Wewe sikupi upendeleo.

Hayo ni ya barazani. Nyumbani ni mambo mengine: mikeka mitatu nimeianika, na kila jioni nashuka ufukweni kutazama meli ambayo najua fika haijatoka Apia.

Kanyageni mchanga kwanza. Mgawaji akiyaita majina yenu, nataka niwe nimesimama karibu nisikie.

Pulenuku wa Fakaofo,
bibi yake Hina,
mama yako