Mke Wangu Anapanda Basi Kwenda Kutembea Tu

Bi Ruqaya, assalaam alaykum. Nnakuandikia nikiwa nimefunga mlango, ingawa hapana anayetaka kuingia, na nnaomba unifae mimi mume mtu mzima, mkaazi wa Amani, mstaafu wa bandarini. Jina langu usilitaje, na la mke wangu nimelibadilisha, mwite Time.

Mke wangu si mkorofi, na hilo ndilo linalonitia tabu, kwa sababu angekuwa mkorofi ningejua pa kuanzia. Mwaka jana tulipomuoza binti yetu wa mwisho, Time alikaa wiki kadhaa akifua nguo zilizokwisha fuliwa, halafu Jumamosi moja akavaa buibui na viatu vya mpira akanambia nnakwenda Masingini, nikamuuliza kwa nani, akasema si kwa mtu, nnakwenda kutembea msituni, na kweli akapanda basi akenda akatembea akarudi akapika. Jumamosi ya pili akenda Jozani, nyengine akashuka Mkokotoni akafuata njia ya pwani mpaka ilipokwisha, na kila akirudi nikimuuliza umeona nini, ananambia, "Njia." Nikamwambia mke wangu, watu hawatembei hivyo, mtu hutoka kwake akenda kwa mtu au kwa jambo. Akanijibu, "Miaka yote hii nimetoka kwa ajili ya watu. Mazikoni, harusini, hospitali, skuli. Sasa nataka kufika mahali ambapo hapana anayeningoja." Nikakasirika, nikenda zangu barazani.

Rafiki yangu wa barazani, Abdulhakim, akanambia kwa huruma kuwa hapana msitu usiokuwa na mtu ndani yake. Neno hilo likanikaa. Jumamosi iliyofuata nikasema leo nakwenda na wewe, na Time akafurahi, jambo ambalo sikulitarajia. Nikavaa makubadhi, maana sikutaka nionekane nimejiandaa. Tukapanda basi la Chwaka, tukashuka mwisho wa njia, tukaanza kufuata pwani kwenda Uroa, yeye mbele mimi nyuma, na nnaapa Bi Ruqaya sikumuona mtu ila wanawake wanaanika mwani, nao walinisalimu mimi kuliko yeye. Tulipokaribia Marumbi miguu yangu ilikuwa imetoka malengelenge, sikusema, nikawa nnachechemea kama mtu anayewaza.

Pale kijijini palikuwa na wanaume wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba, na mmoja, anaitwa Usi, akainuka akatukaribisha, kisha akaniuliza, "Mmekuja kwa nani?" Mtu mzima mimi nikaona haya kusema nnatembea. Nikaona kofia, mikeka na misahafu, nikajua pana msiba, nikasema tumekuja kuhani, kuwapa pole. Time akanitazama, halafu akaingia ndani kwa wanawake. Mimi nikapewa nafasi mbele, Usi akaniuliza kwa adabu nilijuana wapi na marehemu, nami nikasema tulifanya kazi pamoja bandarini, mtu mwema sana, hakuwa na mfano kwenye kubeba mizigo. Watu wakatazamana. Marehemu alikuwa mama yake Usi, bibi kizee, na mjini alikuwa akija kwa maradhi tu.

Hapana aliyenitukana, na ingekuwa nafuu kama wangenitukana. Baadaye Usi akanijia akanambia kwa sauti ya chini, "Mkeo kashasema huko ndani kuwa nyinyi ni wapita njia, mnatembea, mmekuta msiba mkaona msipite bila ya kutoa pole. Lete miguu yako." Akaniletea maji ya chumvi kwenye beseni, nikakaa nimetia miguu humo mbele ya wageni wa msiba. Ndani, Riyama, binti wa marehemu, alikuwa ameshamfanya Time mtu wake, kamlisha, kamualika arubaini.

Tulirudi kwa basi, na njiani Time akaanza kucheka. Alijizuia, akaziba mdomo kwa mtandio, akashindwa. Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Ukipanda basi tena kwenda kutembea, basi." Akaniuliza, "Basi nini?" Nikatoka nikenda msikitini.

Tangu siku hiyo sijui kama nimetoa talaka ya sharti au nimesema maneno tu. Na yeye hajui. Amehamia chumba cha watoto, anasema ni kwa tahadhari. Basi hajapanda. Lakini arubaini ya Marumbi ni Jumamosi inayokuja, na juzi nimemkuta anapaka mafuta viatu vyake, nikamuuliza unakwenda vipi, akanambia kwa upole, "Umesema nisipande basi. Hukusema nisende. Nitatoka alfajiri kwa miguu." Bi Ruqaya, kutoka Amani mpaka Marumbi ni kuvuka kisiwa. Miguu yake si ya kijana. Najua atakwenda. Nimzuie, nimfuate, au nifanye nini? Namba yangu ya simu iko chini.

Mume, Amani

*

Mume wa Amani, waalaykumu ssalaam. Nilikuhurumia mpaka ulipofika kwenye kubeba mizigo.

Tuanze na lililo zito. Talaka si bakora ya kumtishia mtu ukiwa umeona haya. Kesho asubuhi nenda kwa kadhi, umwambie maneno yaleyale uliyoyasema na yaliyokuwa moyoni mwako ulipoyasema, bila ya kuyatia sukari. Atakalokwambia ulifuate. Usimuulize Abdulhakim, wala usiniulize mimi. Gazeti halitoi fatwa.

Sasa hasira zako. Ulikwenda kumtafuta mwanamme, hukumuona. Mtu aliyekuwa anaogopa mwanamme angerudi amepumua. Wewe ulirudi na hasira zaidi, kwa hivyo usijidanganye kuwa ulichoogopa ni mwanamme. Umestaafu, umepata baraza, hapana aliyekuuliza unakwenda barazani kwa jambo gani. Mkeo naye amestaafu, kaka yangu, alipotoka yule binti wa mwisho, ila hapana aliyempa mkono wa kwaheri. Katafuta siku moja ambayo hapana anayemtaka chai, na wewe unaona umeachwa. Maumivu hayo nayaelewa. Yaseme kama maumivu, usiyageuze amri.

Kucheka kwake nako kusikutie uchungu. Alikustahi msibani mbele za watu, akangoja mpaka mmeondoka. Wangapi wangengoja?

Kadhi akishakueleza, muombe radhi Time uso kwa uso, na usitie neno "lakini" popote. Mwambie Jumamosi haendi kwa miguu kutoka mjini, na mwambie sababu ya kweli, kwamba unamuogopea. Nunua viatu vya kufunga kamba, ufuatane naye. Ukifika Marumbi, mfuate Usi kabla hujakaa, umuombe radhi kwa kumzulia mama yake. Siku nyengine akitaka kwenda peke yake, haki yako ni kujua njia gani na arudi saa ngapi, na simu yake iwe na chaji. Zaidi ya hapo, jipikie.

Wasomaji wangu, kwa kuwa arubaini ilikuwa karibu, nilimsomea bwana huyu jawabu hili kwa simu kabla ya gazeti kutoka. Alishukuru, akakata. Alichoambiwa na kadhi sikumuuliza, hicho ni chao wawili, na barua hii imechapwa kwa ruhusa ya wote wawili.

Jumamosi asubuhi alinipigia mwenyewe, upepo unavuma kwenye simu. Akasema wameshuka Chwaka kwa basi na sasa wanatembea. Nikamuuliza miguu inaendaje. Akasema inauma, na safari hii kasema. Nikamuuliza mkewe yuko wapi.

"Yuko mbele," akasema. "Kasimama. Ngoja nimfikie."