Likizo Ndefu ya Ummy

Makandana, Tukuyu
11 Mei

Kaka yangu Sadalla,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto wote hapo Tanga, na kwamba mguu wa wifi umepona tangu alipoteleza. Sisi huku hatujambo, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika shuka. Mwanao Ummy amenenepa kidogo, na juzi alinigombeza kwa kusahau dawa yangu ya presha, kwa hiyo ujue amekuwa mwenyeji kabisa.

Najua unataka habari zake kwa urefu, maana kwenye simu mimi husema salama, salama, halafu nakata. Leo nakueleza yote.

Alipofika Desemba, baada ya mtihani wa kidato cha nne, alikuja na ratiba yako: asubuhi fizikia na kemia kwenye masomo ya ziada, mchana Kiingereza, jioni hesabu, hivyo hivyo mpaka Julai atakapoingia kidato cha tano. Niliibandika ukutani karibu na cherehani. Mtoto aliifuata wiki tano bila kulalamika. Lakini Kaka, alikuwa akirudi anakula, kisha anajifunika blanketi na simu yake. Nilimwuliza kama amepata rafiki, akasema rafiki zake wote wako Tanga. Nikamwonea huruma. Jumamosi moja ya Januari nikamchukua twende Kisondela kupeleka sare za shule nilizoshona.

Tulipanda bodaboda mpaka njia ilipokuwa tope tupu, tukamalizia kwa miguu. Sare za mwisho zilikuwa za wajukuu wa Mama Tulinagwe, mjane anayelima ndizi na maparachichi. Tulimkuta mkono mmoja umefungwa kitambaa shingoni. Alitumiminia chai kwa mkono uliobaki, nayo ikamwagika pembeni ya kikombe bila yeye kujua. Ummy akamwuliza macho yana nini. Mama akaeleza kwamba ni mtoto wa jicho. La kushoto halioni kabisa, la kulia linaelekea huko, na mwezi wa Desemba hakuliona shimo shambani akaanguka, akavunjika mkono. Hospitali walishampa karatasi ya upasuaji, lakini mtu mmoja wa mjini aliyemsomea alimwambia akae nyumbani, atapigiwa simu.

Ummy akaomba kuiona. Ilikuwa imekunjwa ndani ya Biblia. Akaisoma mara mbili. Siku ya upasuaji ilipita tangu mwanzoni mwa Desemba. Chini yake iliandikwa siku nyingine kwa watakaokosa ile ya kwanza: Jumatatu, yaani keshokutwa.

"Mama, hakuna atakayekupigia simu," alimwambia. "Jumatatu nakuja kukuchukua mwenyewe."

Na kweli alikwenda. Siku hiyo ndiyo ya kwanza kukosa masomo yako, nami nilimruhusu. Alikaa hospitali siku mbili, akimwuliza muuguzi maswali mpaka yule dada akamwuliza kama yeye ndiye mgonjwa. Walipomfungua Mama Tulinagwe jicho, alimtazama Ummy muda mrefu, akasema kumbe ni mtoto hivi! Kwa sauti yake alidhani ni mtu mzima. Akamshukuru, ndaga fijo, ndaga fijo, hata wodi nzima ikacheka. Halafu akasema kwamba kwa kuwa sasa anaona, anataka kujua kusoma, asisomewe tena na mtu.

Basi hapo ndipo likizo ya mwanao ilipoanza. Mzee Jotham wa kanisa la pale aliwapa chumba cha watoto cha Jumapili, wakaja akina mama kumi na mmoja. Siku ya kwanza iliharibika. Ummy alisimama mbele na fimbo ya kuonyeshea, akawaimbisha a, e, i, o, u kama darasa la kwanza. Kipindi kilichofuata walirudi wanne tu. Mmoja wao, Atupele, mchuma chai, alimwambia bila kumficha kwamba wao wamezaa na kuzika, wasiimbishwe. Ummy alirudi amelia njiani, akatangaza kwamba haendi tena. Sikumlazimisha. Kesho yake akaniomba vipande vya karatasi za kukatia mitindo. Akaandika majina ya watoto wao, kila mama na wake, akawapelekea. Atupele alianza kwa kusoma jina la mwanawe aliyefariki. Tangu siku hiyo wamezidi kuja, sasa wako kumi na sita.

Matokeo yalipotoka na daraja la pili, ulipiga simu ukaagiza aongeze saa za masomo. Nilikujibu ndiyo, Kaka. Hakuongeza, alipunguza. Asubuhi tatu kwa wiki anakwenda kwenye fizikia na kemia, siku mbili anakwenda Kisondela. Usidhani ameacha sayansi. Anaisoma kuliko mwanzo, maana sasa anasoma kwa ajili ya watu kama Mama Tulinagwe.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mtu wa mjini aliyemsomea Mama Tulinagwe karatasi ile ni mimi. Alikuja nayo dukani Novemba alipoleta kitambaa cha gauni. Niliishika, nikaitazama juu mpaka chini, nikamwambia akae, watampigia. Sikuweza kusoma hata neno moja. Niliona aibu, fundi mzima mwenye duka. Wewe ulibaki Tanga na baba ukasoma. Mimi shangazi aliyenilea huku alinitoa shule darasa la pili nimsaidie sokoni, na sikuwahi kukwambia. Barua zangu zote ulizopata aliziandika jirani yangu Neema. Ratiba yako nilikuwa naitazama tu.

Ummy alijua kabla sijasema. Alikuta daftari langu la wateja, vipimo kwa tarakimu, lakini badala ya majina nimechora kikombe, kuku, mwavuli. Hakucheka. Aliniuliza kikombe ni nani, akaliandika jina pembeni. Mwezi Machi nilikwenda naye Kisondela nikamkiria Mama Tulinagwe mbele ya wenzake kwamba siku ile sikujua kusoma. Akaupapasa ule mkono uliovunjika. Kisha akasogea kwenye benchi, akaniambia nikae.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu kwa siku tisa. Maneno ni yangu, Ummy amenisahihisha herufi.

Kaka, ukikasirika kwa ratiba, nikasirikie mimi. Lakini nakuomba umwache amalize miezi hii miwili kama alivyoianza, na wadogo zake likizo zao zikifika, uwaulize kwanza wao wanaona nini cha kufanya kabla hujawapangia.

Nisalimie wifi na watoto, na wote wanaoniulizia. Mama Tulinagwe anawasalimu ingawa hamjuani. Usinipigie simu kunijibu. Niandikie, na uandike kwa herufi kubwa kidogo.

Dada yako,
Zakia