Mwewe wa Soko la Kalerwe

Mjukuu wangu Neema, nyanyako nakusalimu kutoka Kampala. Babu bado anakohoa, lakini ugali anaumaliza.

Unauliza kama mwewe wa shairi mnalosoma anasema kweli, kwamba anaua apendavyo na hakuna wa kumzuia. Hata mimi niliamini hivyo. Nilipokuwa msichana nikiuza vifaranga Kalerwe, mwewe alinyakua kimoja, nami nikajificha chini ya meza. Soko zima likagonga vifuniko vya sufuria, hata yule mama niliyegombana naye asubuhi, mpaka mwewe akakiachia. Kilianguka kwenye mboga za mama huyo kikiwa hai, akanirudishia.

Mwewe alitua juu ya paa, akayatengeneza manyoya yake kama mfalme. Nadhani hapo ndipo alipotunga shairi lile.